SOMO: Siku ya Tatu Mpe Jembe
(Sharika mbili ndogo zinapohudumu pamoja)

Maandiko ya kusoma: Wakolosai 4:12-17, Matendo ya Mitume 6:1-7, 2 Wakorintho 8:1-15
Lengo la somo: Kujifunza jinsi sharika mbili zinavyoweza kutumia mchungaji mmoja na jengo moja, kila upande ukitoa na kila upande ukipokea.



Ninawasalimu kutoka Kigali. Wengi wenu mnanikumbuka tangu tulipokuwa tunasali pamoja kambini chini ya shitingi, na mvua ikinyesha tunasogeza mabenchi yote katikati. Nimeombwa niandike somo juu ya jambo ambalo sasa linawagusa wengi: sharika mbili ndogo zikipewa mchungaji mmoja, au zikiwekwa katika jengo moja, zitahudumuje pamoja bila kuchokana?

Jambo hili limetufika sisi hapa mjini. Limewafika pia ndugu zetu wa Gihembe. Kambi ile iliyofunguliwa mwaka 1997 ilifungwa mwaka 2021, na watu wake wakahamishiwa Mahama, ambako Warundi walikuwa wamekaa tangu mwaka 2015. Waliozoea kusali peke yao wakajikuta wana majirani.

Tafadhali someni kwanza maandiko yaliyotajwa hapo juu, kisha tuendelee pamoja.

1. YALIYOTUPATA SISI

Kundi letu ni la watu kama 60 tukiwahesabu na watoto. Tunasali kwa Kiswahili. Zamani tulikodi chumba. Mwanzoni mwa mwaka 2018, makanisa zaidi ya 700 yalifungwa katika jiji la Kigali kwa sababu ya ujenzi, usafi au makelele. Mwaka huo huo ikatoka Sheria Na. 72/2018 juu ya mashirika ya dini. Pamoja na mambo mengine, ilitaka viongozi wanaosimamia wahubiri wawe na elimu ya dini ya chuo kikuu, nayo ikawapa muda wa miaka 5. Mwaka 2024 ukaguzi ulirudi nchi nzima, na maelfu ya nyumba za ibada zikafungwa tena.

Chumba chetu kilifungwa mwaka 2018. Sitasema tulionewa. Choo kilikuwa kimoja kweli, na majirani walikuwa wamechoka na ngoma zetu.

Usharika mwingine wa Anglikana, nao mdogo, unaosali kwa Kinyarwanda, ulikuwa mwendo wa dakika 20 kwa miguu, upande wa pili wa mlima. Walitukaribisha. Wao wangesali saa 3 asubuhi, sisi saa 8 mchana. Mchungaji wao akawa mchungaji wetu pia. Siku ile tulilia kwa furaha.

Baada ya miezi michache furaha ikapoa. Jumapili moja tulifika saa 8, mvua inanyesha, tukakuta mlango umefungwa. Aliyekaa na ufunguo alikuwa amekwenda kwenye harusi. Tulisimama chini ya ukingo wa paa pamoja na watoto karibu saa nzima. Mama mmoja mzee akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sisi hapa ni wageni mpaka lini?"

Mwezi uliofuata tulichanga faranga 15,000 ili tusaidie kulipa maji na umeme. Mzee mmoja wa kanisa akazirudisha kwa upole, akasema, "Ndugu zangu, ninyi ni wakimbizi. Wekeni hizo, muwanunulie watoto unga." Alisema kwa upendo, nami najua. Lakini wazee wetu walirudi nyumbani wameinamisha vichwa, na mwezi ule familia mbili ziliacha kuja.

Mlango uliofungwa uliniumiza mwili kwa saa moja. Zile faranga zilizorudishwa ziliniumiza muda mrefu zaidi, wala sikujua kwa nini mpaka nilipokaa na Biblia.

2. EPAFRA NA SHARIKA ZA BONDE MOJA

Katika Wakolosai 4:12-13 Paulo anamtaja Epafra, mtu wa Kolosai, aliyejitaabisha kwa ajili ya watu wa Kolosai, wa Laodikia na wa Hierapoli. Miji hiyo mitatu ilikuwa katika bonde moja. Kutoka Kolosai mpaka Laodikia hakufiki kilomita 20. Mtu wa miguu huenda kwa siku moja. Kwa hiyo mambo ya mchungaji mmoja kwa sharika nyingi hayakuanza kwetu. Yalikuwapo tangu siku za mitume.

Angalieni mambo matatu.

Kwanza, Epafra hakuwapo. Alikuwa mbali pamoja na Paulo, na katika Filemoni 23 anaitwa mfungwa mwenzake. Sharika zake hazikufungwa kwa sababu hiyo. Nimfa alikuwa na kanisa nyumbani kwake (mstari wa 15), na Arkipo aliagizwa aitimize huduma aliyopewa (mstari wa 17). Mchungaji wa sharika mbili ni lazima awe mbali na mmoja wao kila siku ya juma. Usharika usio na Nimfa wala Arkipo utakuwa unamngoja yeye tu, na siku asipofika hakuna ibada.

Pili, Paulo anaagiza barua zibadilishwe (mstari wa 16). Barua ya Wakolosai isomwe Laodikia, na ile itokayo Laodikia isomwe Kolosai. Hakusema kwamba Kolosai ndio watoaji na Laodikia wapokeaji tu. Kila kanisa lilikuwa na kitu mkononi ambacho jirani yake alikihitaji.

Tatu, Epafra hakuwa mali ya mji wake. Alizaliwa Kolosai, lakini taabu yake ilikuwa ya wote. Hili linatuhusu hasa sisi Waanglikana. Kanisa letu hapa Rwanda, ambalo tangu mwaka 1980 lilikuwa jimbo moja na Burundi na Zaire na likawa jimbo lenyewe mwaka 1992, lilijulikana zamani kama Kanisa la Episkopali. Jina hilo linatoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya mwangalizi, yaani askofu. Kanisa la maaskofu ni kanisa ambalo hakuna usharika unaosimama peke yake. Kasisi hutumwa na askofu. Usharika haumnunui wala haumrithi. Mkisikia mtu akisema "mchungaji wetu" kwa namna ya kuwafungia wengine mlango, mkumbusheni Epafra.

3. UGOMVI WA LUGHA MBILI

Matendo 6 inatuonyesha kanisa moja lenye lugha mbili. Waliosema Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Sisi tuliokaa kambini tunajua manung'uniko ya foleni ya chakula. Hatuhitaji mtu atufafanulie.

Mitume hawakuwaambia wanyamaze kwa kuwa ni wageni. Hawakusema pia, "Tutawaangalia vizuri zaidi." Waliomba kanisa zima lichague watu saba wenye sifa njema. Sasa someni majina yao katika mstari wa 5: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani! Kwa jinsi majina yanavyoonyesha, kanisa liliwapa kazi ya kugawa watu wa upande ule ule uliokuwa umesahauliwa. Nao waligawa kwa wajane wote, wa Kiyunani na wa Kiebrania. Waliolalamika mlangoni wakapewa ufunguo wa ghala.

Kanisa kuu la Anglikana hapa Kigali lina jina la Mtakatifu Stefano, nalo liko Biryogo. Aliyefika Biryogo anajua kwamba huko, na Nyamirambo jirani yake, Kiswahili husikika barabarani tangu zamani, kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Kila ninapopita pale ninakumbuka kwamba Stefano kwanza alichaguliwa kuhudumia meza, kwa sababu ya ugomvi wa watu wa lugha mbili.

4. WAMAKEDONIA WALIOMBA KUTOA

Katika 2 Wakorintho 8 nilipata jibu la zile faranga 15,000. Paulo anaeleza habari za makanisa ya Makedonia. Walikuwa katika dhiki na umaskini mwingi, lakini walimsihi sana awape nafasi ya kushiriki katika msaada wa watakatifu (mstari wa 4). Maskini waliomba ruhusa ya kutoa! Paulo angeweza kuwaambia, "Wekeni, mnunue unga." Hakufanya hivyo. Alipokea.

Halafu katika mstari wa 13 na 14 anataja usawa. Wenye wingi leo wawafae wenye upungufu, na siku nyingine iwe kinyume chake. Anayekataa zawadi ya ndugu yake maskini, hata kwa huruma, anamwambia pasipo kujua, "Wewe utabaki mpokeaji siku zote."

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi hutumia methali hii kumfukuza mgeni mvivu. Lakini ifikirini tena. Mtu anayepewa jembe amepewa pia sehemu ya shamba. Anahesabiwa kuwa wa nyumbani. Atachoka pamoja na wenyeji, na mavuno yakija hataombea chakula mlangoni. Sisi tulikuwa tumefika siku ya tatu, na hakuna aliyetupa jembe. Lakini na sisi hatukuwa tumeliomba. Tulipenda pia kukaa kitako na kunung'unika.

5. WALIOTUTANGULIA

Huduma ya kushirikiana si ngeni katika nchi zetu. Apolo Kivebulaya, Mganda, alifika Boga katika Kongo mwaka 1896. Wakati huo hakuwa kasisi, alikuwa mwalimu. Alifanywa kasisi mwaka 1903. Kazi ya Boga ilianza kwa mwalimu, na mpaka leo makanisa yetu mengi yangekufa kama si makatekista wanaoendesha Sala ya Asubuhi wakati kasisi yuko kwingine.

Hapa Rwanda, kituo cha Gahini kando ya ziwa Muhazi kilifunguliwa mwaka 1925. Uamsho uliotoka huko katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya, Tanganyika na Kongo, ulibebwa na watu wa namna nyingi pamoja: daktari Mwingereza Joe Church, Mganda Simeoni Nsibambi aliyekutana naye Kampala mwaka 1929, Blasio Kigozi aliyefariki mwaka 1936, na Yosiya Kinuka wa hospitali. Walikwenda kwa timu. Waliungama makosa yao wao kwa wao, mzungu mbele ya Mwafrika, mkubwa mbele ya mdogo, jambo lililowashangaza wengi siku zile.

Tuseme pia ukweli mwingine. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walioshiriki meza moja ya Bwana walisalitiana, na wako waliouawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Kwa hiyo tusidhani kwamba kukaa katika benchi moja kunatosha. Watu wanaweza kuketi pamoja miaka mingi na bado kila mmoja akawa mgeni wa mwenzake. Katika nchi hii, kujifunza kuaminiana kanisani ni jambo la uhai na mauti.

6. TULIVYOPATANA

Mchungaji aliita mabaraza yote mawili jioni moja. Yule mama aliyeniuliza swali mvuani alilirudia mbele ya wote. Kulikuwa kimya. Kisha akasimama mzee mmoja wa wenyeji. Wazazi wake walikimbia Rwanda katika miaka ile ya 1959 na kuendelea. Yeye alikulia kambini Uganda na kurudi baada ya mwaka 1994. Akasema hivi: "Kule kambini njaa niliizoea. Sikuzoea kuwa mtu ambaye hakuna anayemtuma kazi. Wapeni hawa ufunguo."

Walituchongea ufunguo wa pili juma lile lile. Tangu hapo tumekubaliana mambo matano, nami nayaandika ili yawafae.

(a) Saa na ufunguo. Kila usharika una ufunguo wake, na ratiba imebandikwa ukutani kwa lugha zote mbili. Harusi, mazoezi ya kwaya na mikutano huandikwa humo kwanza. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kwa hiyo hakuna upande unaopanga kitu. Baada ya kazi ya umuganda tunasafisha kanisa pamoja.

(b) Fedha. Kila upande una sadaka yake na mweka hazina wake. Lakini maji, umeme na nauli ya mchungaji vina mfuko mmoja. Sisi tunatoa kidogo kuliko wao kwa sababu tuna kidogo, na hesabu husomwa mbele ya wote kila baada ya miezi mitatu. Hakuna sadaka inayorudishwa.

(c) Meza ya Bwana. Katekista anaweza kuongoza sala na kuhubiri, lakini Meza ya Bwana yahitaji kasisi. Zamani sisi tuliipata pale tu mchungaji alipobakiwa na nguvu. Sasa Jumapili ya kwanza ya mwezi tunakutana wote saa 3, ibada moja. Somo moja husomwa kwa Kinyarwanda na jingine kwa Kiswahili, na mahubiri hutafsiriwa. Ibada ni ndefu, watoto huchoka, lakini hakuna anayekula makombo.

(d) Kazi za pamoja. Shule ya Jumapili ya watoto wa pande zote inafundishwa na dada wawili, mmoja wa kwao na mmoja wa kwetu. Kutembelea wagonjwa tunakwenda wawili wawili, mmoja kutoka kila upande. Mgonjwa akiona sura mbili za namna hiyo kitandani pake anajua kwamba kanisa ni moja.

(e) Ugomvi. Lenye kuuma lisemwe kabla ya Jumapili inayofuata, kwa mtu mwenyewe, kama Bwana alivyofundisha katika Mathayo 18:15. Lisipokwisha, lifikishwe kwa wazee wawili, mmoja wa kila upande.

Sisemi kwamba yote yamekwisha. Kwaya zetu mbili bado zinavutana juu ya kinanda. Katika zile familia mbili zilizoondoka, moja imerudi, nyingine bado. Lakini mwaka jana yule mama mzee alifariki. Wakati wa maziko walichimba kaburi vijana wa pande zote mbili, na aliyeshika kitabu cha hesabu ya michango ya msiba alikuwa mtu wetu, kwa kuombwa na wenyeji. Nikakumbuka swali lake. Hakufa akiwa mgeni.

7. MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika usharika wako, ni nani Arkipo na Nimfa? Je, wanajua kwamba wanategemewa?
2. Ni kazi gani ambayo wageni au wapya kati yenu hawajawahi kupewa? Kwa nini?
3. Je, umewahi kukataa zawadi ya mtu maskini kwa kumhurumia? Leo ungefanya nini?
4. Ikiwa ninyi ndio wageni, ni jembe gani mnaloweza kuliomba bila kungoja kuitwa?
5. Tajeni jambo moja dogo (saa, ufunguo, benchi, lugha) linaloumiza upande mmoja. Ni nani atakayelisema, na lini?

8. SALA

Bwana Yesu, wewe ulikuja kwako, na walio wako hawakukupokea. Utusamehe tulipowafungia wengine mlango, na tulipokaa mlangoni tukinung'unika tu. Wape wachungaji wetu nguvu ya safari kati ya sharika zao. Wainue kati yetu walimu, mashemasi na wazee wenye sifa njema. Utufundishe kutoa na kupokea, mpaka siku utakapotuketisha sote katika meza yako. Amina.

Mungu awabariki. Mwasalimiwa na ndugu wote wa sharika zote mbili.

Ni mimi katekista wenu wa zamani, Kigali.